Jina Lililosomwa Kaburini

Mluzi wenyewe ulikuwa mdogo, sauti mbili tu, moja inashuka na nyingine inapanda. Ulitoka katika nyumba ambayo ndani yake hakukuwa na mtu isipokuwa mtoto wa siku kumi na moja.

Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma. Mzee Kemboi alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe wa tatu, ndoo kati ya magoti. Aliposikia mluzi ule alisimama wima, akavua kofia, akaishika kifuani. Ndoo ikapinduka, maziwa yakatiririka hadi kwenye samadi. Alisimama hivyo muda mrefu kabla ya kujiuliza anamsimamia nani, kisha akakumbuka. Mtu mmoja tu alikuwa akiwaita watu wa shamba lile kwa mluzi kama mbwa, na Kemboi mwenyewe ndiye aliyemchimbia kaburi miaka kumi na tisa iliyopita.

Aliyeyaleta haya yote alikuwa hatua thelathini kutoka hapo, katika chumba cha kupimia maziwa, amevaa koti jeupe. Jina lake Micah arap Kosgei, yaani mwana wa Kosgei.

Huyu Micah, tumseme bila kumwonea, alikuwa na akili. Hilo hakuna aliyelibisha, na hata angetokea wa kulibisha, Micah angemnyamazisha kabla hajamaliza. Alikuwa amekaa miaka miwili katika chuo cha kilimo, akarudi mwaka wa hamsini na tano kwenye shamba lile lile la mzungu juu ya Rongai alikozaliwa, safari hii kama mpima maziwa. Kazi yake ilikuwa kupima mafuta na joto la maziwa kabla ya madebe kupelekwa Nakuru. Alirudi na kipima joto kwenye mfuko wa kifuani na tabia ya kusikiliza watu huku amefumba macho, kama mtu anayengoja gari la moshi lipite ili aendelee na mazungumzo yake. Alimrekebisha mhubiri Jumapili mbele ya waumini. Alimrekebisha Kemboi jinsi ya kukamua, Kemboi aliyeanza kukamua kabla Micah hajaota meno.

Lakini aliyemdharau kuliko wote ni mama yake. Tapsubei hakujua herufi hata moja, ila angechovya ncha ya kidole kwenye maziwa, akakilamba, akakwambia ng'ombe huyu kesho kutwa ataugua. Na kesho kutwa ng'ombe alikuwa mgonjwa kweli.

"Mama, hiyo ni bahati," Micah alikuwa akisema.

"Bahati mara ngapi, mwanangu?"

Micah alifumba macho, akangoja gari la moshi lipite.

Dharau hii ilikuwa na mzizi, tusimnyime haki yake. Baba yake, mzee Kosgei, alikufa kwa kifua huku wazee wakimpaka majani na kumwimbia, na hospitali ya Nakuru iko umbali wa asubuhi moja tu. Micah alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliapa siku ile kwamba hataamini tena kitu kisichopimika. Kiapo kizuri, lau angekiweka kwa unyenyekevu. Yeye alikifanya fimbo ya kuwachapia watu waliompenda.

Sasa, kwao, mtoto hachaguliwi jina. Mtoto anaulizwa. Siku chache baada ya kuzaliwa, akina mama wa ukoo huketi pamoja, wakamshika, wakaweka ugoro kidogo karibu na pua yake, kisha wakataja majina ya marehemu wa nyumba ile, moja baada ya jingine, polepole, wakingoja. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo marehemu amekubali kurudi kumlinda. Majina ya wenye roho mbaya yanarukwa. Jina la mgeni halitajwi kabisa, wala hakuna aliyewahi kulikataza, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba angetokea mtu mpumbavu kiasi hicho.

Siku mtoto wa Micah alipoulizwa, Tapsubei alikuwa ametaja majina tisa na mtoto ametulia tuli. Alikuwa anavuta pumzi kutaja la kumi, la mumewe Kosgei, ndipo Micah akaingia kutoka kazini, koti jeupe na yote.

"Bado mko na mambo haya?" alisema. Mkewe Jepkorir, aliyekuwa kitandani, alimtazama kwa macho ya kumsihi. Hakujali. "Ugoro ni ugoro na pua ni pua. Ningetaja ndoo, angepiga chafya kwa ndoo."

"Micah, kaa chini ama utoke," mama yake alisema kwa upole.

"Nitawaonyesha."

Akachota ugoro kwa vidole viwili, akauleta puani mwa mtoto. Akatafuta kichwani jina ambalo hakuna mwanamke pale angeweza kudai ni la babu yao, na akalipata. Nyuma ya chumba cha maziwa, chini ya mti wa pilipili, kulikuwa na kaburi la mwenye shamba wa kwanza. Watu wote walimjua mzungu yule kama Bwana Mluzi. Jina lake halisi lilichorwa kwenye jiwe, na kati ya wafanyakazi wote ni Micah peke yake aliyeweza kulisoma.

"Ambrose Pell," alisema, kwa matamshi safi ya darasani.

Mtoto akapiga chafya.

Micah alicheka hadi akashika ukuta. "Mmeona? Mmeona sasa?"

Hakuna aliyecheka naye. Tapsubei aliuliza, "Huyo ni nani?"

"Mtu tu."

"Yuko hai?"

"Alikufa zamani. Mama, hili ni jaribio."

"Ni wa kwetu?"

Micah alipangusa ugoro vidoleni. Tapsubei alimwinua mtoto, akamtazama usoni, kisha akamrudisha mikononi mwa Jepkorir haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akina mama wakakusanya leso zao. Mtoto akishajibu, haulizwi tena siku ile, na hakuna aliyejua la kufanya kwa mtoto aliyemjibu asiyejulikana. Wakatoka mmoja mmoja, hakuna aliyeaga.

Mluzi ulianza siku ya pili yake. Kisha ikaja harufu. Jepkorir aliisikia kwanza ndani ya blanketi la mtoto: tumbaku ya kiko, na ngozi ya tandiko iliyolowa mvua. Alifua blanketi mara tatu. Mursik, maziwa ya mgando aliyoyatunza kwenye kibuyu kwa ajili ya wageni yaliharibika yote, na alipofungua kizibo yalinuka tumbaku vilevile. Halafu mtoto akaanza kukataa titi. Alikuwa halii, na hapo ndipo penye kutisha. Aligeuza uso tu, taratibu, akatazama kando.

"Ananiangalia," Jepkorir alimnong'oneza mumewe.

"Watoto wote huangalia."

"Siyo hivyo, baba. Ananiangalia kama nimechelewa."

Micah alimpima mtoto joto. Akaandika kwenye daftari. Akampima tena baada ya saa moja, akaandika. Joto lilikuwa sawasawa, na Micah akamwonyesha Jepkorir ile namba kana kwamba mama angemnyonyesha mtoto namba. Siku ya pili bila kunyonya walipanda lori la madebe hadi Nakuru, wakamwona daktari. Daktari alimgeuza mtoto huku na huku, akasema ni mzima, ajaribiwe chupa. Chupa nayo aliikataa, akaitazama kama kitu kilicholetwa na mtumishi mchafu.

Siku ya tatu, alasiri, Jepkorir alienda mtoni kuteka maji, akamwacha Micah na mtoto. Micah aliketi na daftari lake. Jua lilikuwa limejaa mlangoni, kuku wanachakura nje, na kutoka zizini alisikia watu wakizungumza, kila kitu kama kilivyo siku zote, na ndiyo sababu hakushtuka mara moja aliposikia viatu chumbani, viatu vizito vya ngozi, vikilia kwa kila hatua, vikizunguka kitanda alicholala mtoto, upande huu, kisha upande ule, kisha kimya, halafu ile harufu ya kiko ikapita karibu na uso wake, nzito na ya joto kabisa kana kwamba mtu ameinama kusoma daftari begani mwake, naye akataka kugeuka lakini shingo ikakataa, akabaki anamtazama mtoto kitandani, na mtoto alikuwa macho, amemkazia macho yale ya kungoja, na midomo yake midogo isiyo na jino ikajikusanya mbele ikawa duara, ikapuliza, sauti mbili, moja inashuka na nyingine inapanda.

Micah akasimama. Mkono wake ukaenda kichwani kuvua kofia ambayo hakuwa ameivaa.

Alikuwa na miaka saba Bwana Mluzi alipokufa. Mara ngapi alikuwa amemwona baba yake akisimama hivyo, kofia kifuani, macho chini? Mwili wake ulikuwa umehifadhi yote ambayo kichwa chake kilikuwa kimeyafutilia mbali. Nanyi mngedhani hapo basi, mtu atapiga magoti, atamwita mama yake. Micah aliketi, akashika kalamu, akaandika: upepo kwenye tundu la mlango.

Jepkorir aliporudi alimkuta anaandika na mtoto amelegea, mbavu zinahesabika. Aliutua mtungi chini.

"Mtoto wangu anakufa na wewe unaandika," alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nakuogopa, Micah. Leo nakuonea haya. Mwite mama yako, la sivyo nampeleka kwetu nikamzike huko."

Akamwita. Tapsubei alikuja na Kemboi, na Kemboi, kofia ikizunguka mikononi mwake, akasema ule mluzi aliusikia na ni wa nani. Tapsubei akamgeukia mwanawe.

"Ulitoa wapi jina lile?"

"Kwenye jiwe," Micah alisema.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Tapsubei alimtazama mwanawe kwa dharau, na ilimkaa usoni vizuri. "Sisi wote tumepita kando ya jiwe lile miaka kumi na tisa. Mungu alitunyima kulisoma, nikadhani ametunyima kitu."

Kisha akaeleza. Jambo lilikuwa moja tu na lilikuwa rahisi. Aliyemwita ndiye amfukuze. Kesho asubuhi, baada ya kukamua, Micah angesimama mlangoni mikono mitupu, mbele ya akina mama wa ukoo, amtaje yule mtu kwa jina, akiri kwamba alimwita kwa mzaha na kwamba hakujua alifanyalo. Baada ya hapo mtoto ataulizwa upya.

"Na akitoka," Tapsubei alisema, "atatafuta jicho linalomtazama ili aingie hapo. Kwa hiyo kila mtu ataangalia miguu yake mpaka niseme basi. Mmesikia? Miguu yako, Micah. Hakuna cha kuona."

"Nimesikia."

"Hata ukisikia anakugusa."

"Nimesikia, mama."

Asubuhi walikusanyika. Micah alivua koti jeupe, akatoa kipima joto mfukoni, akakiweka kando, akasimama mlangoni. Jepkorir alimshika mtoto, mwepesi sasa kama kitambaa. Wote wakainamisha vichwa.

"Ambrose Pell," Micah alisema. "Nilikuita kwa mzaha. Hapa si kwako." Neno lililobaki hakuwahi kumwambia mtu. "Sikujua," akasema mwishowe, na machozi yakamtoka, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Alimpenda mtoto wake. Hilo nalo tulikubali.

Nyumba ikajaa harufu ya kiko hadi watu wakakohoa. Viatu vikatoka chumbani, hatua kwa hatua, vikapita kati ya wanawake walioinama. Leso za wanawake zikasogea, na hakuna aliyeinua uso. Tapsubei, kwa sauti isiyotikisika, akataja jina la mumewe.

"Kosgei."

Mtoto akapiga chafya.

Na hakukuwa na ugoro. Micah aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Ugoro ulikuwa mkononi mwa mama yake, haujafunguliwa, na mtoto amepiga chafya. Basi kilichomfanya apige chafya ni nini? Mtoto wake alikuwa ameshaanza kulia, kilio cha njaa, kilio cha mtoto wa watu, na Jepkorir ameshampa titi huku analia naye, ushindi wote uko pale mikononi mwa mkewe, na viatu vimefika mlangoni, vimesimama mbele ya vidole vyake vya miguu, bado hatua moja tu vitoke nje. Mtu yeyote angengoja. Kemboi alingoja. Wanawake wasiojua kusoma walingoja. Lakini yule kichwa kikubwa alitaka kujua.

Akainua macho.

Hakuona kitu. Mlango, jua, kuku. Akatabasamu. Nilijua, akajiambia moyoni, na pumzi ya baridi ikamwingia puani.

"Basi," Tapsubei akasema, na watu wakainua vichwa, wakapiga vigelegele.

Saa nne, peke yake katika chumba cha kupimia, Micah alipiga chafya mara moja.

Wiki mbili zilipita na hakuna aliyegundua lolote. Na wangegunduaje? Micah alitembea shambani pua juu, kama kawaida. Aliwatazama watu kana kwamba wamechelewa, kama kawaida. Aliacha kuwaita wafanyakazi kwa majina yao, nao hawakuona tofauti kubwa, kwa maana hata zamani aliyataja kama mtu anayetema maganda. Mwenye shamba wa sasa alimsifu kwamba amekomaa. Mtu akiondolewa katika mwili wake na jirani wasijue, mjue alikuwa ameshahama siku nyingi.

Jepkorir alijua. Mumewe, aliyesomeshwa misheni na hakuwahi kuvuta, alinuka kiko kwapani. Na kila alipompokea mtoto, mtoto alipiga chafya na kugeuka kumtafuta mama. Jepkorir alianza kufunga vitu vyake, kidogo kidogo, kwenye leso.

Kisha siku moja saa nane mchana, mluzi ukasikika kutoka chumba cha kupimia, na Kemboi akajikuta amesimama, kofia kifuani. Mlangoni alisimama Micah. Micah ambaye tangu utotoni hakuweza kupiga mluzi, ambaye watoto wenzake machungani walimcheka hadi akalia. Kemboi aliacha ndoo pale pale, akaenda kwa Tapsubei.

Mama alikuja juani, kichwa wazi. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha maziwa. Mwanawe alikuwa amempa mgongo, anaandika.

"Micah," aliita.

Kalamu iliendelea.

"Arap Kosgei."

Kalamu iliendelea. Tapsubei akashika mwimo wa mlango. Alikuwa na jina moja zaidi, alilompa yeye mwenyewe mwaka wa njaa, kabla misheni haijambatiza Micah, jina ambalo hakuna mwingine aliyelitumia.

"Kiprugut," alisema. "Kiprugut wangu. Ni mama."

Kalamu haikusita. Nzi walizunguka madebe. Tapsubei aliijua njia iliyobaki na hakutaka kuipita, lakini alikuwa na mjukuu na alitaka hakika. Jina lile alilisikia mara mbili tu. Alilitoa kwa ulimi mzito wa kwao.

"Amburosi Peli."

Kalamu ikasimama. Yule mtu akageuka kwenye kiti, akamtazama mama mzee kuanzia miguuni mwake penye vumbi hadi kichwani, bila haraka.

"Pell," alisema. "Ambrose Pell. Tamka vizuri."

Tapsubei akageuka, akaanza kuteremka kuelekea barabara ya Salgaa. Jepkorir alikuwa anamngoja huko, kama walivyoagana, leso begani, mtoto mgongoni amelala ameshiba. Nyuma ya Tapsubei mluzi ukapigwa, sauti mbili. Miguu yake ikataka kusimama, kama ilivyosimama miaka yote ile. Akaiambia iende, kwa kuwa aliyempigia mluzi hakuwa mwanawe.